Majibu Yaliyopokewa na Kompyuta Bado Hayajamfikia Mgonjwa

Majibu ya kipimo hayamtibu mgonjwa mpaka yafike mikononi mwa mtu anayeweza kuyafanyia kazi. Ukweli huu ni wa kale kuliko kompyuta. Karatasi ya maabara iliyosahauliwa mezani, faili lililopelekwa wodi isiyo yake, na simu iliyoita bila kupokewa wakati wa kubadilishana zamu, vyote vimewahi kuwacheleweshea wagonjwa tiba. Kilichobadilika ni kwamba katika hospitali nyingi karatasi hiyo sasa imegeuka kuwa ujumbe unaosafiri kutoka kompyuta ya maabara hadi kompyuta ya wodi. Ujumbe huo ukipotea njiani, hauachi hata karatasi ya kuokotwa mezani siku ya pili.

Makala haya yanatetea hoja moja. Alama inayosema kwamba ujumbe umeshughulikiwa iwekwe baada ya kazi kufanyika, kamwe isiwekwe kabla. Na namna alama hiyo inavyowekwa ni suala la usalama wa mgonjwa, ambalo wahudumu wa afya wana haki na wajibu wa kulihoji. Kuliacha mikononi mwa mafundi wa kompyuta peke yao ni sawa na kumwachia fundi wa jokofu peke yake uamuzi kuhusu ubora wa chanjo.

Foleni na alamisho lake

Mifumo ya maabara, famasia, malipo na wodi mara nyingi hutengenezwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti. Ili iweze kuwasiliana, huwekwa kati yake foleni ya ujumbe, yaani programu inayopokea ujumbe kutoka kwa mtumaji, kuuhifadhi kwa mpangilio, na kuutoa kwa mpokeaji anapokuwa tayari. Faida yake ni kubwa. Umeme ukikatika wodini, maabara haisimamishi kazi. Majibu hujipanga kwenye foleni yakingoja kompyuta ya wodi iamke. Mtandao ukilegea mchana, kazi huendelea usiku.

Mfano unaojulikana sana ni Apache Kafka, programu iliyozaliwa katika kampuni ya LinkedIn nchini Marekani na kutolewa kwa umma mwaka 2011. Katika Kafka, ujumbe haufutwi pindi unaposomwa. Jumbe hupangwa kwa namba, mmoja baada ya mwingine, kama mistari ya daftari la wagonjwa wa nje, na hukaa humo kwa muda uliowekwa. Fundi asipoubadilisha, muda huo ni siku 7. Kwa hiyo ni lazima pawepo kumbukumbu ya mstari ambao mpokeaji ameishia. Kumbukumbu hiyo itaitwa hapa alamisho, kwa kuwa hufanya kazi ya kile kipande cha karatasi ambacho msomaji hukiweka kitabuni. Programu pokezi ikizimika na kuwashwa tena, huanzia pale alamisho lilipo.

Usalama wa mpangilio wote huu umekaa katika swali dogo: alamisho linasogezwa lini? Likisogezwa kabla ya kazi kufanyika, kisha programu ikazimika katikati, ikiwashwa itaamini kwamba kazi imekwisha. Ujumbe bado upo foleni, haujafutwa, lakini hakuna atakayerudi kuusoma. Likisogezwa baada ya kazi kufanyika, kisha programu ikazimika kabla ya kulisogeza, ikiwashwa itaifanya kazi ileile mara ya pili. Njia ya kwanza huhatarisha kupoteza. Njia ya pili huhatarisha kurudia. Hatari hizi mbili hazilingani, na hapo ndipo maarifa ya kitabibu yanapohitajika. Jibu la potasiamu iliyopanda kupita kiasi, likiletwa mara mbili, litamuudhi daktari. Lisipoletwa, moyo wa mgonjwa unaweza kusimama.

Dalili nne na visababishi vyake

Mhudumu wa afya hahitaji kujua kuandika programu ili kutambua kwamba alamisho la foleni si la kuaminika. Kama ilivyo kwa homa, dalili hutofautiana kulingana na kisababishi, na anayeziangalia kwa makini anaweza kumwelekeza fundi mahali pa kuanzia.

Dalili ya kwanza ni majibu machache kukosekana hapa na pale, huku kioo cha fundi kikionyesha kwamba hakuna ujumbe unaosubiri. Mara nyingi maana yake ni kwamba alamisho limeitangulia kazi. Katika Kafka, programu pokezi ambayo haikuelekezwa vinginevyo husogeza alamisho yenyewe kila baada ya sekunde 5. Mpango huu unafaa pale ambapo programu humaliza kazi ya fungu moja la jumbe kabla ya kurudi foleni kuchukua fungu jingine. Lakini mtengenezaji akitaka kuongeza kasi, huikabidhi kazi kwa sehemu nyingine ya programu inayoendelea pembeni, naye akarudi foleni mara moja. Alamisho husogea ilhali kazi ya pembeni haijaisha. Umeme ukikatika wakati huo, majibu yaliyokuwa pembeni hupotea, na hakuna hitilafu itakayoandikwa popote.

Dalili ya pili ni majibu yote kusimama baada ya saa fulani, huku idadi ya jumbe zinazosubiri ikipanda mfululizo. Huenda programu pokezi imezimika kabisa. Huenda pia umefika ujumbe mmoja usiosomeka, kwa mfano wenye tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwa mpangilio usiotarajiwa. Programu hujaribu kuusoma, hushindwa, hukataa kusogeza alamisho, hujaribu tena, na majibu ya wagonjwa wengine wote hungoja nyuma ya ujumbe huo mmoja. Kufunga njia namna hii kunaudhi, lakini angalau kunaonekana.

Dalili ya tatu ni majibu yaleyale kujirudia tena na tena. Hapo kwa kawaida kazi inafanyika, ila alamisho linashindwa kusogezwa. Kafka huipa programu pokezi dakika 5 kati ya safari moja ya kurudi foleni na nyingine. Ikichelewa zaidi, huhesabiwa kuwa imekufa na kazi yake hupewa mwenzake. Ile iliyochelewa ikija kuweka alamisho hukataliwa, na mwenzake huanza upya kutoka mahali pa zamani. Hifadhidata ya hospitali ikiwa nzito kiasi cha kuchukua dakika 6 kwa kila fungu, mzunguko huo hauna mwisho.

Dalili ya nne ndiyo mbaya kuliko zote: majibu ya kipindi kizima kutoweka baada ya mapumziko. Alamisho lenyewe lina umri. Katika matoleo ya Kafka yaliyotangulia toleo la 2.0 la mwaka 2018, alamisho lisilofanyiwa upya lilifutwa baada ya saa 24, isipokuwa kama fundi alikuwa amebadilisha muda huo. Kliniki inayozima kompyuta zake Ijumaa saa kumi jioni na kuziwasha Jumatatu saa mbili asubuhi huwa imezizima kwa saa 64. Programu ikiamka na kukuta alamisho lake halipo, hufuata agizo la msingi, na agizo hilo, lisipobadilishwa, husema: anza na ujumbe mpya utakaokuja kuanzia sasa. Majibu yote yaliyofika Jumamosi na Jumapili yamo foleni, salama, hayajasomwa, na hayatasomwa. Tangu toleo la 2.0 muda huo umeongezwa hadi siku 7, lakini kompyuta iliyopelekwa kwa matengenezo kwa siku 10 bado inaweza kukutwa na mkasa huohuo.

Katika dalili ya kwanza na ya nne, vipimo vya mfumo wenyewe vinaweza kuonyesha afya njema. Idadi ya jumbe zinazosubiri hukokotolewa kwa kulinganisha mwisho wa foleni na mahali alamisho lilipo. Alamisho likiwa limedanganya, hesabu nayo itadanganya. Ndiyo maana fundi mwaminifu kabisa anaweza kumwambia daktari kwamba mfumo hauna tatizo, naye daktari akawa na haki ya kutoridhika.

Funzo la kadi ya kifua kikuu

Nidhamu inayodaiwa hapa si ngeni kwa wahudumu wa afya wa Afrika Mashariki. Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na kazi iliyofanywa humo pamoja na Dkt. Karel Styblo ikawa miongoni mwa misingi ya mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza katika nchi nyingi miaka ya 1990. Mkakati huo uliujengea mfumo wa afya mazoea mawili yanayohusiana moja kwa moja na alamisho la foleni.

Zoea la kwanza ni kadi ya matibabu. Mahali ambapo mgonjwa anameza dawa mbele ya msimamizi, kisanduku cha siku hiyo hutiwa alama baada ya dawa kumezwa. Hakitiwi alama wakati vidonge vinapohesabiwa, wala mgonjwa anapoonekana akiingia mlangoni. Muuguzi anayejaza visanduku vya juma zima Jumatatu asubuhi ili apunguze kazi hajaokoa muda. Ameiharibu kadi, kwa sababu tangu siku hiyo hakuna anayeweza kujua ni dozi zipi zilimezwa kweli. Programu inayosogeza alamisho kabla ya kazi kufanyika inafanya kosa lilelile, tofauti ikiwa kwamba yenyewe hulifanya mara maelfu kwa siku na haina msimamizi wa wilaya wa kuikagua.

Zoea la pili ni daftari la kundi. Kila mgonjwa aliyesajiliwa lazima mwisho wake ujulikane: amepona, amemaliza matibabu, matibabu yameshindwa, amefariki, amepotea katika ufuatiliaji, au hakutathminiwa. Mtu haruhusiwi kutoweka baina ya safu mbili za daftari. Hata yule aliyepotea huhesabiwa kuwa aliyepotea, na hesabu hiyo ndiyo inayomtuma mhudumu kwenda kumtafuta kijijini. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kundi limetungwa ili kupotea kwenyewe kuwe ni habari.

Foleni za ujumbe zilizo nyingi hazina daftari la namna hii. Zinajua ni jumbe ngapi zimepita. Hazijui ni ngapi zimefika mwisho wake. Hapo ndipo taaluma ya afya ina la kuwafundisha wahandisi, badala ya kungoja kufundishwa nao.

Kupokea si kutenda

Wahandisi wenyewe walilitambua jambo hili mapema. Mwaka 1984, Jerome Saltzer, David Reed na David Clark wa chuo cha MIT nchini Marekani walichapisha hoja ambayo imekuwa nguzo ya usanifu wa mitandao: kwamba kuna mambo ambayo njia ya mawasiliano haiwezi kuyathibitisha kikamilifu peke yake, hata ingeimarishwa vipi, kwa kuwa wanaojua kama kazi imekamilika ni wale walio katika ncha mbili za mawasiliano. Barua iliyosajiliwa inaweza kuthibitishwa kwamba imefika; kwamba imesomwa na kueleweka, posta haiwezi kulithibitisha.

Viwango vya mawasiliano ya hospitali navyo vina nafasi ya jambo hili. Katika toleo la 2 la kiwango cha HL7, kinachotumika katika maabara na hospitali nyingi duniani, uthibitisho unaweza kuwa wa aina mbili. Wa kwanza husema kwamba ujumbe umepokewa na kuhifadhiwa salama. Wa pili husema kwamba programu lengwa imeushughulikia. Mfumo unaoridhika na uthibitisho wa kwanza pekee unaweza kuiambia maabara kwamba jibu limefika, ilhali limelala katika ghala ambalo hakuna daktari anayelifungua.

Hata uthibitisho wa pili hautoshi. Kompyuta ya wodi ikiandika jibu katika faili la mgonjwa, programu imetimiza wajibu wake, lakini mgonjwa bado hajafaidika. Safari huisha pale mtu mwenye jina na dhamana anapoliona jibu na kuamua la kufanya. Kwa hiyo pana alama tatu: imehifadhiwa, imeandikwa katika faili, imeonwa na mhudumu. Kuzichanganya alama hizi tatu na kuziita zote kwa neno moja, "imekamilika", ndiko chanzo cha ajali.

Yaliyotokea Spokane

Ajali hizo si za kufikirika. Mwezi Julai 2022, Mkaguzi Mkuu wa Idara ya Maveterani ya Marekani alitoa ripoti kuhusu mfumo mpya wa kielektroniki wa kumbukumbu za wagonjwa, ulioanza kutumika Oktoba 2020 katika hospitali ya maveterani ya Mann-Grandstaff, mjini Spokane, jimbo la Washington. Mfumo huo ulikuwa na foleni ya pembeni ya kupokea maagizo ambayo haukuweza kutambua yaelekezwe wapi. Daktari aliandika agizo la rufaa, uchunguzi au kipimo, akaona limeondoka, akaendelea na mgonjwa mwingine. Agizo likaingia katika foleni ya yasiyotambulika, wala daktari hakuarifiwa. Maagizo zaidi ya 11,000 yaliishia humo, na tathmini iliyofanywa ndani ya Idara hiyo ilibainisha angalau matukio 149 ya madhara kwa wagonjwa.

Kuwepo kwa foleni ya pembeni hakukuwa kosa. Kinyume chake, ujumbe usioeleweka unapaswa kutengwa ili usiwazuie wengine, kama mgonjwa wa surua anavyotengwa bila kufukuzwa. Kosa lilikuwa kwamba waliotuma hawakujua kwamba ilikuwapo, na kwamba kuingia humo hakukumwamsha mtu yeyote. Wodi ya kutengea wagonjwa isiyo na muuguzi haiwi tena wodi. Ni mahali pa kumsahau mtu.

Nchi inayotumia fedha nyingi kuliko nyingine zote duniani katika huduma za afya imekumbwa na jambo hili. Hospitali za Afrika Mashariki, zinazohamia sasa kwenye mifumo ya kielektroniki huku umeme na mtandao vikikatika mara kwa mara, hazina sababu ya kudhani kwamba zitasalimika kwa bahati. Kila kukatika kwa umeme ni mtihani wa alamisho.

Pingamizi na majibu yake

Inaweza kusemwa kwamba haya ni mambo ya idara ya teknolojia, na kwamba daktari mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni hana nafasi ya kuhoji foleni ya kompyuta. Pingamizi hili lina uzito, lakini linasahau mgawanyo wa maarifa. Fundi anajua alamisho linasogezwa vipi. Hajui ni jibu lipi likichelewa saa 2 linaua, na lipi linaweza kungoja hadi kesho. Uamuzi wa kuchagua kati ya hatari ya kupoteza na hatari ya kurudia ni uamuzi wa kitabibu. Usipofanywa na waganga, utafanywa na mpangilio wa msingi wa programu, ambao uliwekwa na watu wasiojua kama utapitisha majibu ya damu au matangazo ya biashara.

Inaweza kusemwa pia kwamba kurudia nako kuna madhara. Hilo ni kweli tupu. Jibu likija mara mbili ni kero. Agizo la dawa likija mara mbili linaweza kuwa dozi mbili. Lakini tiba ya kurudia ipo, na si ya kubahatisha. Kila agizo na kila jibu lipewe kitambulisho cha pekee tangu linapozaliwa, na mpokeaji akague kabla ya kutenda kama kitambulisho hicho kimekwisha kushughulikiwa. Muuguzi mzuri hufanya hivyo kila siku: husoma chati kabla ya kutoa dawa ili ajue kama mwenzake wa zamu iliyopita ameshaitoa. Mpokeaji akiwa na tabia hiyo, ujumbe unaweza kurudiwa hata mara kumi na matokeo yakawa ya mara moja. Kupoteza hakuna tiba kama hiyo, kwa sababu kisichojulikana kuwa kimepotea hakiwezi kutafutwa.

Wapo watakaosema kwamba tahadhari hizi zitapunguza kasi. Kidogo, ndiyo. Lakini hospitali ya wilaya haipitishi mamilioni ya jumbe kwa sekunde kama kampuni kubwa za intaneti ambazo foleni hizi zilibuniwa kwa ajili yake. Maabara inayotoa majibu mia kadhaa kwa siku inaweza kumudu kusogeza alamisho baada ya kila jibu moja bila mtu yeyote kuhisi tofauti.

Yanayopaswa kudaiwa

Kamati ya hospitali inayopokea mfumo mpya, au inayokagua wa zamani, haina haja ya maneno ya kitaalamu. Inapaswa kudai mambo matano, na kuonyeshwa kila moja kwa vitendo badala ya kuahidiwa.

Kwanza, alamisho lisogezwe tu baada ya jibu kuhifadhiwa katika faili la mgonjwa. Pale inapowezekana, alamisho na jibu vihifadhiwe katika hifadhidata moja kwa tendo moja, ili vikubaliwe vyote au vikataliwe vyote. Jaribio lake ni rahisi: mtengenezaji atume majibu 100 ya mfano, azime kompyuta katikati ya kazi, aiwashe tena, kisha yahesabiwe. Yakiwa 99, mfumo usipokewe.

Pili, mfumo ukikosa alamisho lake usiruke kwenda mwisho wa foleni. Urudi mwanzo wa jumbe zilizohifadhiwa, ambapo vitambulisho vya pekee vitazuia kurudia, au usimame na kuita msaada. Muda wa kuishi wa alamisho, na wa jumbe zenyewe, uzidi likizo ndefu kuliko zote na matengenezo marefu kuliko yote yanayotarajiwa.

Tatu, foleni ya jumbe zilizotengwa iwe na mwenyewe aliyetajwa kwa jina katika orodha ya zamu, na iangaliwe kila siku kama dawa za kulevya za famasia zinavyohesabiwa kila zamu.

Nne, pawepo hesabu linganishi ya kila siku isiyotegemea alamisho. Maabara ihesabu majibu iliyoyatoa. Wodi na kliniki zihesabu yaliyoingia katika mafaili. Namba hizo mbili ziwekwe kando kwa kando. Maabara ikisema 120 na mafaili yakisema 117, watatu hao watafutwe kwa majina yao siku hiyohiyo. Kazi hii inaweza kufanywa kwa kalamu na daftari, na ndiyo pekee inayoweza kugundua alamisho linalodanganya.

Tano, majibu ya hatari yasitegemee foleni hata kidogo. Mtaalamu wa maabara apige simu, mpokeaji ayarudie kwa sauti yale aliyoyasikia, na pande zote mbili ziandike saa na jina. Kompyuta iwe shahidi wa pili wa jibu hilo, isiwe mjumbe pekee.

Nafasi ya mgonjwa

Mgonjwa naye yuko katika ncha ya mawasiliano haya, na mara nyingi ndiye wa kwanza kujua kwamba jibu halijafika. Kwa bahati mbaya amezoezwa kunyamaza. Wengi huamini kwamba wasipoitwa, basi kipimo hakikuonyesha tatizo. Imani hiyo ilikuwa ya hatari wakati wa karatasi na ni ya hatari zaidi wakati wa foleni, kwa kuwa jibu baya lililopotea na jibu zuri lisilotangazwa humletea mgonjwa ukimya uleule.

Kwa hiyo kila anayetoa sampuli anapaswa kuondoka na vitu viwili: namba ya sampuli yake na tarehe ambayo majibu yanatarajiwa. Tarehe hiyo ikipita, kuuliza si usumbufu wala utovu wa adabu. Ni sehemu ya matibabu. Na mhudumu anayeulizwa asitosheke kumjibu mama, mzee au kijana aliye mbele yake kwamba "mfumo haujaleta". Afungue daftari la maabara, atafute namba hiyo, na jibu likipatikana huko ilhali halimo katika faili, aandike taarifa ya tukio kama ambavyo angeandika kuhusu dawa iliyotolewa kimakosa. Taarifa moja ya namna hiyo inaweza kufichua alamisho lililokwisha kuwapita wagonjwa wengine wengi ambao hawakurudi kuuliza.